Chipu Iliyotoka Kwenye Kopo

Habari ya kifo cha Dekha ilinikuta darasani, mbele ya wasichana kumi na mmoja walioshika vyuma vya kulehemu. Nilikuwa nawaonyesha namna ya kufuta ncha ya chuma kwenye sponji kabla lehemu haijagandia. Simu ikaita, namba ngeni. "Abayo Habiba?" mwanaume akauliza, akiniita dada kwa Kisomali. "Mimi Abdinasir, ndugu yake Dekha. Dekha ametutoka juzi. Tumemzika hapa hapa Mandera." Nikasema inna lillahi, nikatoka nje, nikasimama kwenye kivuli cha tangi la maji nikiwa bado nimeshika kile chuma, waya wake umechomoka ukutani na kunifuata kama mkia. Akanieleza kwamba ni figo, kwamba alikuwa ameugua miaka miwili na hakutaka watu wa Garissa waambiwe. "Lakini wewe alikuwa anakutaja," akasema. "Alituambia mwaka mzuri kuliko yote aliyoishi ni ule wa kile chumba chenu cha bluu."

Nikamuuliza kama alisema neno jingine. Nikasikia watoto wakicheza upande wake wa simu kabla hajajibu. "Alisema kuna mfuko aliufunga shingoni mwa mtoto, na moyo ulikuwa unamwambia afungue kwanza aangalie. Hakufungua. Hiyo ndiyo ilimla, abayo. Kuanzia hapo hakushika tena vifaa. Hata redio ya mama ikiharibika alikuwa anaita mtu." Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia. Alikuwa amenifungulia mlango bila kujua. Nikasema, "Mungu amrehemu," nikakata simu, nikarudi ndani na kuwaambia wasichana waende nyumbani. Dekha hakumuunguza yule mtoto. Nilimuunguza mimi, na kwa miaka kumi na mitatu niliacha ijulikane vingine.

Sitaeleza nilikozaliwa wala nani alinisomesha. Wale hawana hatia katika habari hii. Naanzia siku nilipokutana na Dekha kwenye chumba cha ghorofani juu ya duka la vitambaa, mjini Garissa, mimi nikiwa na miaka ishirini na mitatu na yeye ishirini na minne. Tulikuwa tumesoma pamoja ufundi wa vifaa vya umeme, wasichana wawili katika darasa la wanaume, na hakuna duka lililotaka kutuajiri. Basi tukakodi chumba chetu. Kuta zilipakwa rangi ya bluu na mpangaji aliyetangulia, na mikono ya watoto wake ilibaki imechapwa karibu na mlango. Juu yetu palikuwa na bati tupu, na kuanzia saa nne asubuhi lilikuwa likilia tik, tik, tik kwa joto. Meza yetu ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya magogo. Tundu la kitasa bado lilikuwepo, tukalitumia kupitishia nyaya.

Asubuhi tulikula anjera zilizolowa mafuta ya simsim na sukari, tukashushia chai ya maziwa ya ngamia yenye ile harufu ya moshi wa kibuyu ambayo watu wa bara huiona mbaya. Mchana tulikula tambi kwa mkono, na ndizi pembeni, tukikaa chini kwenye mkeka ili tusichafue meza. Sakafu ilikuwa ya mbao na kila lililosemwa dukani chini yetu lilipanda hadi kwetu. Wanawake waliokuja kuchagua nguo za diraa walikuwa wakisimuliana ndoa zao, na Dekha alikuwa na kawaida ya kuzima kipulizio cha hewa moto katikati ya kazi na kuninyooshea kidole. "Nyamaza," ananong'ona. "Wamefika kwenye talaka." Mimi ni Mborana na yeye ni Msomali, na kati yetu tulizungumza Kiswahili cha Garissa, kile kinachokopa kila mahali bila aibu. Alikuwa akinitafsiria yale ya chini, na nina hakika aliyaongezea chumvi. Nimekaa katika ofisi nyingi tangu hapo, baadhi zina viyoyozi. Sijacheka tena vile.

Kazi yenyewe ilitokana na vumbi. Garissa vumbi huingia kila tundu, likakutana na jasho, na tundu la chaji ndilo hufa kwanza. Redio ndogo za wachungaji, tochi, simu, vipaza sauti vya madrasa, vyote vilikuja kwetu na ugonjwa mmoja. Tunabadilisha tundu, baada ya miezi miwili kifaa kinarudi. Ni Dekha aliyesema siku moja, akiwa ameshika redio iliyorudi mara ya tatu, "Kwa nini tunaendelea kutengeneza tundu? Tulizibe." Alikuwa amesoma juu ya vifaa vinavyochajiwa bila waya. Unaweka sahani mezani, sahani inapata umeme kutoka ukutani au kwenye sola. Ndani ya kifaa unalaza koili, duara la waya mwembamba lisilozidi sarafu, na kando yake chipu ndogo kuliko punje ya mchele. Koili inadaka nguvu inayopita hewani, chipu inaigeuza kuwa umeme ambao betri inaweza kuunywa. Kifaa kinalala juu ya sahani, kinashiba, na hakuna tundu la vumbi kuingia. Tuliagiza chipu za kwanza kutoka Nairobi. Redio ya kwanza ilipowasha taa yake nyekundu bila kuguswa na waya wowote, Dekha alipiga kigelegele kikubwa mpaka mwenye duka akapanda ngazi kuuliza nani anaolewa.

Baada ya hapo tukajulikana. Watu walikuja kutoka kambi ya Ifo, wengine kutoka mbali zaidi, wakiuliza wale wasichana wa chaji isiyo na waya. Lakini ukweli ni kwamba hawakutuuliza sote. Walimuuliza Dekha. Mkono wangu ulikuwa mwepesi kuliko wake, niliweza kulehemu chipu kumi yeye akiwa kwenye ya sita, ila yeye alikuwa na subira. Kila kifaa alikipima, akakichaji hadi mwisho huku amekishika kiganjani kusikia joto lake, akakipima tena. Mteja akipanda ngazi na kumkosa alikuwa akisema, "Nitamngoja." Nilimpenda Dekha kama ndugu. Na kila niliposikia lile neno, nitamngoja, kitu kidogo kilikuwa kikinichoma. Nimechelewa sana kukiri kwamba kile kitu kidogo kina sehemu yake katika yaliyofuata. Kwa miaka mingi nilijiambia niliyafanya kwa huruma tu.

Mwezi wa saba au wa nane hivi, chipu zetu nzuri ziliadimika Nairobi, na dalali mmoja akatuletea pakiti ya nyingine. Kwa macho zilikuwa sawasawa na zile za kwanza. Dekha akaweka moja ndani ya tochi mbovu, akailaza juu ya sahani asubuhi, tukaendelea na kazi. Chipu nzuri hufanya mambo mawili zaidi ya kupokea umeme: betri ikijaa inafunga umeme, na joto likizidi inafunga. Ile haikujua kufunga. Ilipofika alasiri betri ya tochi ilikuwa imevimba kama mandazi na mfuniko umefunguka wenyewe. Dekha akaichukua kwa koleo, akaipeleka nje kwenye mchanga. Aliporudi akazihesabu chipu zilizobaki, zilikuwa kumi na tisa, akaziweka kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: HAPANA. "Hizi tutamrudishia," akaniambia. "Habiba, usiziguse hata kwa majaribio. Hivi vitu watu wanavaa mwilini." Nikasema sawa. Nilielewa kila neno. Nataka hilo lijulikane, maana baadaye nilijaribu kujidanganya kwamba sikuelewa vizuri.

Mama Ubah alipanda ngazi zetu mara ya kwanza Jumatano, akiwa na binti yake wa miaka tisa. Walitoka Balambala. Ubah alikuwa hasikii vizuri tangu alipougua homa akiwa mdogo, na mradi fulani wa afya uliopita kwao ulikuwa umempa kifaa cha kusikia cha aina ya zamani, kiboksi cha ukubwa wa kiberiti kinachokaa kifuani ndani ya mfuko wa kitambaa, chenye nyaya mbili za kwenda masikioni. Tundu lake la chaji lilikuwa limekufa kwa vumbi. Dekha alikipokea, akakifungua, akasema kinafaa kuwekewa koili, lakini angoje chipu nzuri zitakazofika Jumanne. Mama akakubali, ingawa hakufurahi. Walikuwa wamefikia kwa jamaa mjini.

Jumamosi alirudi. Dekha alikuwa amekwenda sokoni kutafuta betri. Mama Ubah hakukaa nilipomwonyesha mkeka. "Shule inafunguliwa Jumatatu," akasema. "Gari ya Balambala inaondoka baada ya adhuhuri. Mtoto yangu bila hii mashine anakaa nyuma ya darasa kama mtu wa bure. Mwalimu ameniambia, mama, kama hasikii, mtoe. Baba yake anataka kumpeleka kwa mbuzi." Ubah alikuwa amesimama kando yake akitazama midomo yetu, kichwa kikigeuka kwa mama, kisha kwangu. Nikamwambia chipu hazijafika. Akasema, "Basi nitamngoja yule mwingine. Yeye atajua." Hilo ndilo neno lililoninyanyua. Nikasema, "Hakuna haja ya kumngoja. Kaa, nitakitengeneza sasa hivi."

Kopo lilikuwa kwenye rafu ya juu. Nililishusha nikiwa nimempa mgongo. Kazi yenyewe haikuchukua hata nusu saa, na ilikuwa kazi safi, labda safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Koili ililala vizuri, lehemu iling'aa. Betri ya kile kiboksi haikuwa na kinga yake yenyewe, niliona, na nikaendelea. Nilijiambia ataitumia wiki chache tu, kisha nitamwita nimbadilishie kimyakimya. Nikamkabidhi mama sahani na kumwonyesha. "Lakini usiiache hapo sana," nikasema. Akauliza, "Sana ni kiasi gani?" Ningeweza kumwambia saa moja. Ningeweza kumwambia akishike kila mara, kikipata moto akitoe. Lakini kumwambia hivyo kungekuwa kumweleza kwa nini. Nikamjibu, "Utaona tu."

Dekha akaingia wakati huo huo, jasho limelowesha shungi lake la manjano. Akaona kifaa kimefungwa, akanitazama. "Chipu umetoa wapi?" akauliza kwa Kiswahili, taratibu. "Kulikuwa na moja nzuri imebaki kwenye droo," nikasema. Nje gari lilikuwa likipiga honi na mama alikuwa ameshaanza kukusanya mizigo yake. Dekha akakichukua kile kiboksi, akakigeuza mkononi mara mbili, kisha akakitia kwenye mfuko, akapiga magoti mbele ya Ubah na kumfunga shingoni. Akamwekea nyaya masikioni, akasogea nyuma hatua nne, akaita jina lake kwa sauti ya kawaida. Ubah akacheka. Mama akamshika Dekha mikono yote miwili, akaibusu. Mimi nilikuwa nyuma ya meza nikifuta chuma.

Ilipita miezi miwili. Sikumwita kumbadilishia chipu. Nzuri zilifika, zikatumika, na kila wiki nilisema wiki ijayo. Halafu asubuhi moja mwenye duka alituita tukateremka, na hapo dukani mwanaume aliyetoka Balambala akasimulia. Ubah alikuwa darasani. Betri ilikuwa imevimba siku nyingi na nyumbani walidhani mfuko ndio umebana. Ilipopasuka, mashine ilikufa kwanza, kwa hiyo hakusikia chochote. Wenzake waliuona moshi wakampigia kelele avue, na yeye hakusikia. Alielewa joto lilipofika kwenye ngozi. Akakishika kwa mkono wa kulia ili akitupe, kikamgandia. Alikuwa ameungua kifua na kiganja, wamemleta hospitali usiku uliopita. Dekha alikaa chini pale pale juu ya marobota ya vitambaa. Kisha akainuka, akaenda hospitali bila kuvaa viatu vyake vya nje.

Alikwenda kila siku kwa majuma matatu, akibeba maziwa na supu. Mimi nilikwenda mara moja. Nilisimama mlangoni mwa wodi, nikaona mkono mdogo uliofungwa bendeji hadi kwenye kiwiko, na Dekha ameketi ukingoni mwa kitanda akimchorea ngamia kwenye daftari. Ubah akainua macho. Nikageuka, nikaenda zangu. Nilimwambia Dekha tumbo lilikuwa linaniuma.

Wazee walikutana kwa adeer wake Dekha, ami yake aliyemlea, mtaa wa Bula Iftin. Tuliketi katika sebule yenye mazulia na mito ukutani, wanaume upande mmoja, sisi na Mama Ubah upande wa mlango. Chai ililetwa, ya iliki, tamu mno. Mzee aliyeongoza, ndevu zake zimepakwa hina, alizungumza kwa upole, na kwa ajili yangu akabadilisha akaongea Kiswahili. "Hatukuja kugombana. Tunataka kujua jambo moja. Nani aliweka kile kitu ndani ya mashine?" Dekha akasema, "Kazi ilitoka kwenye meza yetu." Mzee akatikisa kichwa. "Meza haina mikono, binti yangu. Nani?" Dekha akageuka akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alikuwa ananingoja, kama alivyokuwa akingoja kifaa kishibe, bila kukiharakisha. Nikainua kikombe changu nikanywa.

Nimetafuta sababu nyingi za lile funda la chai. Niliwaza kwamba mimi ni mgeni pale, Mborana peke yangu, na nikisema ni mimi, jambo la mtoto mmoja litageuka kuwa la watu na watu. Niliwaza Dekha ana ami, ana ukoo, watambeba. Mimi nani atanibeba? Hayo yote nilikuja kuyawaza baadaye. Ndani ya sebule ile niliogopa tu, na nikanywa chai. Kisha Mama Ubah akamnyooshea Dekha kidole. "Ni huyu. Mikono yake ndiyo ilimfunga mtoto yangu. Mimi niliibusu." Aliniona Jumamosi nikishika chuma, lakini aliamini nilimalizia tu kazi aliyoianza Dekha Jumatano. Dekha akainamisha kichwa. Hakukataa. Ami yake akasema ukoo utabeba matibabu na haki yote ya mtoto, na kwamba binti yake hatafanya tena kazi ile. Nikasikia mzee mmoja akimwambia mwenzake, kwa Kisomali nilichokuwa nimeshakielewa kufikia wakati huo, "Wasichana na moto, nani aliwaambia wawaachie?"

Siku iliyofuata Dekha alikuja kuchukua vitu vyake. Nilikuwa nimeketi mahali pangu. Hakugusa koleo zake wala mita yake ya kupimia umeme. Alikwenda kwenye rafu, akashusha kopo, akalimimina juu ya meza na kuzisogeza zile chipu kwa kidole moja moja. Kumi na nane. Akazirudisha, akafunika. "Habiba," akasema, "kulikuwa na chipu kwenye droo?" Nikasema, "Ndiyo." Bati lilikuwa likilia kwa joto. Chini wanawake walikuwa wakicheka. "Basi," akasema, akavuta shungi lake, akateremka ngazi. Juma hilo ndugu zake wakampeleka Mandera, wakamwoza mwaka uliofuata, akauza nguo mpakani. Sikumwona tena. Aliniachia mita yake, nami niliitumia miaka sita.

Nilifanikiwa, na hilo ndilo gumu kulisema. Nilibaki na chumba, wateja na jina. Watu waliamini kwamba yule mzembe ameondoka na mwangalifu amebaki. Baadaye nikafungua darasa la wasichana, na siku ya kwanza ya kila kundi huwa nawafundisha kupima joto la chipu kwa kiganja, kama alivyofanya Dekha. Kuna mgeni aliwahi kunisifu mbele ya watu kwa uangalifu wangu. Nilishukuru, nikaketi. Mara mbili nilipanda gari la Mandera. Ya kwanza niliteremka Wajir nikalala kwa jamaa na kurudi, ya pili niliteremka kabla halijatoka mjini.

Wiki moja baada ya simu ya Abdinasir nilikwenda Balambala. Dekha sikuweza tena kumfikia, lakini Ubah yupo. Niliambiwa ana shamba la vitunguu na mama yake karibu na mto. Nikawakuta asubuhi chini ya kibanda cha makuti, wanawake saba au wanane wakichambua vitunguu na kuvijaza kwenye magunia ya nyavu, na wazee wawili wameketi pembeni kwenye viti vya plastiki. Ubah alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani. Alikuwa akifunga midomo ya magunia kwa kamba, mkono wa kushoto ukifanya kazi yote, wa kulia ukisaidia kwa vidole viwili tu, vingine vimejikunja kwenye kovu. Masikioni hakuwa na kitu. Mama yake, amezeeka, alinikaribisha bila kunitambua. Nikasema natafuta Ubah, nikachuchumaa mbele yake, uso kwa uso, nikasema kwa sauti ya chini: "Mimi ndiye niliyeiweka ile chipu. Si Dekha."

Alinitazama bila kupepesa. Kisha akashika sikio lake. "Sikusikia," akasema, sauti yake nzito na bapa. "Sema kwa nguvu." Nikarudia, sauti imepanda kidogo. Mwanamke aliyekuwa karibu akageuka. Ubah akatikisa kichwa. "Bado." Ningeweza kuandika kwenye karatasi, hata kwenye simu, na nilianza kutia mkono mfukoni. Akaushika mkono wangu, akaushusha. Basi nikasimama. Nikapiga kelele kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. "Ni mimi, Habiba! Chipu ilikuwa mbovu, na nilijua! Dekha alinikataza, nikamdanganya! Wazee walipouliza nikanyamaza! Dekha hakuwa na kosa!"

Mikono yote iliyokuwa kwenye vitunguu ilisimama. Mzee mmoja akavua kofia yake. Ubah akakata kamba kwa meno, akafunga fundo lake la mwisho, akaniangalia. "Nilikuelewa mara ya kwanza," akasema. "Nasoma midomo tangu utoto. Lakini hapa kwetu jina la Dekha lilitukanwa kwa sauti kubwa. Sikutaka lisafishwe kwa kunong'ona." Nikamwomba msamaha, kwa sauti ileile kubwa kwa sababu sikujua tena kuishusha. Alisema tu, "Yeye alikaa na mimi hospitali siku zote. Wewe ulifika mlangoni. Nilikuona."

Mama Ubah alikuwa amekaa chini juu ya gunia, shungi limemfunika mdomo. Nilidhani atanifukuza, na ningekwenda. Aliuliza, "Yuko wapi sasa yule msichana?" Nikamwambia amekufa, siku kumi zilizopita, Mandera. Akafumba macho. Mdomo wake ulikuwa ukisogea, sijui kwa dua au kwa jambo jingine. "Nilimnyooshea kidole," akasema hatimaye. "Mbele ya wanaume. Msichana alikuwa ananiletea supu, na mimi nilikuwa naimwaga akiondoka." Akajifuta uso kwa ncha ya shungi. "Mama yake yu hai?"

"Yu hai," nikasema. "Nina namba ya mwanawe."

"Piga. Utaanza wewe. Ukimaliza nipe hiyo simu."

Ubah akaja akasimama karibu, mahali ambapo angeweza kuiona midomo yangu. Abdinasir aliitika, nikamwomba anipe mama, na nikasikia simu ikipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine, kisha sauti ya mwanamke mzee ikisema, "Haye? Nani?"

Nikamwambia mimi ni nani, kisha nikamwambia nilichofanya.